Mtoto Mmoja Hatoshi

Tasnim alirudi nyumbani saa tano asubuhi, kabla ya wenzake, ameushikilia mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Hakuwa analia. Alikuwa ameshalia njiani, na machozi yalikuwa yamekauka na kuacha michirizi kwenye vumbi la mashavu.

Mama yake, Zubeda, alikuwa barazani anasuka ukili wa mikeka. Alipouona mkono umevimba kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, alitupa ukili chini akapiga magoti.

"Nani? Nani kakufanya hivi?"

Aliuliza kwa sauti, kwa mazoea tu, maana alijua kwamba binti yake huyu wa miaka minane hajasikia sauti ya mtu tangu azaliwe. Kisha akauliza kwa namna yao: akaonyesha mkono, akageuza viganja juu, akakunja uso. Tasnim alielewa. Akaanza kueleza. Alikunja ngumi ya mkono mzima akaizungusha hewani mara mbili, akajipiga paja, akanyoosha kidole barabarani, halafu akajigusa tumbo. Akamtazama mama yake, akingoja.

Zubeda hakuelewa. Mtoto akarudia, polepole. Akarudia tena, haraka, kwa hasira, akizungusha ile ngumi mpaka mkono mbovu ukatikisika naye akauma meno. Nyumba ile ilikuwa na ishara zipatazo arobaini. Ya chakula ilikuwepo, ya maji, ya kulala, ya kuoga, ya nyoka. Ya "jana" haikuwepo, wala ya "kwa sababu", wala ya "alinisukuma".

Bimkubwa, mama mkwe wa Zubeda, alitoka ndani akijifunga kanga. "Kaanguka huyo. Watoto huanguka."

"Akianguka, mama, ngumi ya nini?"

"Mimi nitajuaje ngumi ya nini? Mfunge kitambaa."

Hilal, baba yake Tasnim, aliingia akitoka shambani, panga mkononi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mjukuu wa Mwarabu aliyepanda minazi upande huu wa Kirongwe, kisiwani Mafia, na katika minazi ile mia na hamsini bado ilikuwa yake. Aliutazama mkono. Akaitazama ngumi inavyozunguka.

"Pikipiki," akasema. "Anazungusha mafuta hivyo. Kagongwa na pikipiki."

"Au anafua nguo. Au anakoroga kitu. Hatujui, Baba Tasnim."

"Mimi najua." Akaliweka panga chini, akatoka.

*

Kwenye kijiwe cha bodaboda palikuwa na vijana wanne. Hilal hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa Abeid, aliyekuwa akisifika kwa kukimbiza chombo karibu na shule, akachomoa ufunguo kwenye pikipiki.

"Umemvunja mwanangu mkono, ukakimbia!"

"Mimi? Kaka Hilal, mimi ndio kwanza nafika."

"Kwa sababu hawezi kusema, si ndiyo? Umejua huyu hatasema!"

Watu walikusanyika. Mwanamke mmoja alikuwa bado amesimama kando ya pikipiki ile, mkoba kichwani, akihesabu nauli. Akasema kwa upole, "Baba, huyu tumetoka naye Kilindoni sasa hivi. Alinichukua hospitali, na tangu alfajiri alikuwa huko, mwulize yeyote."

Hilal aliutazama ufunguo kiganjani mwake. "Basi ni mwingine kati yenu."

"Nani sasa?" aliuliza Abeid. "Mwanao amesema nani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akajikohoza kuficha. Mwanao amesema nani. Hilal aliurudisha ufunguo. Alitafuta neno la kuomba radhi mbele ya watu wale waliokuwa wakiiamkia nyumba ya kina Hilal tangu enzi za baba yake, akapata nusu yake tu.

"Nilighafilika."

Na pale pale, kabla uso haujapoa, ilimbidi aseme la pili: mtoto anatakiwa kupelekwa hospitali Kilindoni, na pikipiki iliyokuwa na mafuta ya kutosha ilikuwa ya Abeid. Abeid alipangusa kiti kwa kiganja. "Twende tukamchukue," akasema, wala hakumwangalia.

Kilindoni walipiga picha, mfupa ukaonekana umepasuka. Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Aliuliza mtoto aliangukaje, aliangukia nini, saa ngapi, alipoteza fahamu au hapana. Zubeda alijibu kila swali kwa "sijui". Tasnim akajigusa tumbo tena, basi daktari akambonyeza tumbo, akampima mkojo, akamlaza akamtazama kwa mashine, asione kitu. Mtoto alitikisa kichwa muda wote, akisukuma mikono yao. Hakuwa anaumwa tumbo. Lilikuwa neno jingine.

Walipomaliza kumfunga hogo, ile plasta ngumu kama jiwe, daktari aliandika kwenye faili. Zubeda akamwomba amsomee.

"Nimeandika kwamba maelezo ya mgonjwa hayapatikani."

Nao hawakuyapata kamwe. Hadi leo hakuna ajuaye ni nini kilimvunja Tasnim mkono asubuhi ile. Yeye mwenyewe alieleza kwa siku mbili, kwa kila aliyeingia uani, na siku ya tatu akaacha.

*

Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, Mwalimu Taufiki, alimpa Zubeda kiti na kufunga mlango wa ofisi.

"Kwanza niseme pole. Pili niseme kweli. Bi Zubeda, mtoto huyu ana mwaka wa tatu darasa la kwanza. Nimemweka mbele, nimemweka nyuma. Ubaoni anakopi vizuri kuliko wote." Akafungua daftari. Herufi zilikuwa zimepangwa kama zimechapwa mashine. "Lakini nikiandika 'kuku' anakopi 'kuku', na nikiandika tarehe anakopi tarehe. Kwake yote ni michoro."

"Mwalimu wa lugha ya alama hawezi kuletwa?"

"Nimeomba mara tatu. Nilipigiwa simu kutoka ofisi ya elimu nikaulizwa, mnao wangapi? Nikasema mmoja. Yule bwana hakunijibu vibaya. Alisema, mwalimu, walimu hawa wenyewe ni wa kutafuta, mtoto mmoja hatoshi. Ungekuwa nao kumi tungezungumza kufungua kitengo cha viziwi." Alilifunga daftari. "Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningesema hivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniudhi."

Jioni ile Asmahani, dada yake Hilal anayekaa Vingunguti, Dar es Salaam, alipiga simu. Zubeda aliiweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

"Nafasi ipo, wifi, nimekwenda mwenyewe mpaka hiyo shule ya viziwi. Bweni limejaa, ila wa kutwa wanampokea. Atapimwa masikio huku huku. Awe amefika kabla ya mwezi kwisha, pamoja na mzazi wa kukaa naye. Chumba nimeshakuulizia jirani yangu hapa."

"Chumba?" Hilal alimnyang'anya simu mkewe. "Hapa kuna nyumba ya vyumba sita, mke wangu akapange chumba?"

"Kaka, nimesema nimeulizia tu."

"Usiulizie."

Alipokata simu, Zubeda hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua mchele huku akisema.

"Mwaka juzi nilipokwenda kumuuguza dada yako, niliona wasichana watatu kituoni wanaongea kwa mikono. Mmoja alieleza jambo, wenzake wakacheka mpaka mwingine akakaa chini. Nilisimama pale basi likaniacha. Mwanangu ana miaka minane, Baba Tasnim, na hajawahi kuchekeshwa na mtu kwa maneno."

"Kwa hiyo hao wa Dar wana nini ambacho sisi hatuna?"

"Wana wingi. Viziwi huko wako mamia, wamekutanishwa. Huku yuko yeye na minazi."

"Wingi huo huo ndio wezi, ndio maji ya kununua, ndio choo kimoja watu kumi na wawili! Nimekaa Dar mimi. Mtu anakuuliza unatoka wapi, ukisema Mafia anakuuliza ndiko wapi." Hilal akainuka, akakaa tena. "Haya. Amekwenda. Amejifunza hiyo mikono. Akirudi hapa ataongea na nani?"

"Na sisi. Tutajifunza."

"Na muuza duka? Na jirani? Na mume atakayemwoa? Utampeleka ajue kuongea, halafu pa kuongelea patakuwa huko huko. Hatarudi, Zubeda. Sema kwamba atarudi."

Zubeda aliacha kuchambua. Lilikuwa jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilikwepa tangu kituoni kule, na sasa limesemwa. Hakuweza kusema kwamba atarudi.

Bimkubwa akaongeza kutoka kitandani, "Mtoto wa kike asiyesema hutafutiwa stara. Shule ya nini?"

Hapo Hilal alimgeukia mama yake kwa ukali ambao Zubeda hakuwahi kuuona. "Mama, nyamaza!" Na baada ya kusema hivyo alitoka nje akasimama gizani, kwa sababu mama yake alikuwa amesema kwa kifupi kile kile alichokisema yeye kwa kirefu.

*

Kesho yake Hilal aliondoka asubuhi bila kuaga. Alikuwa ameamua kuwatafuta hao watoto viziwi kumi ambao Zubeda alimwambia mwalimu mkuu kawataja.

Hakuna aliyemtuma, na Mwalimu Taufiki alipoambiwa alishika kichwa. Hilal alikodi pikipiki kwa siku nne. Aliuliza misikitini, madukani, kwenye zahanati. Kiegeani alipata mmoja: mwanamke wa miaka kama thelathini anayelima mwani, aliyemtazama mdomo akitabasamu na kuitikia kila alichosemeshwa kwa kichwa, hata alipoulizwa jambo la kukataa. Kaka yake alisema, "Huyu sasa umpeleke shule akawe nani?"

Ndagoni alielekezwa nyumba yenye mtoto wa kiume. Baba wa mtoto, Ussi, alimkaribisha vizuri, akamtolea maji ya dafu. Hilal alieleza. Alisema wakipatikana kumi ataletwa mwalimu, na kwamba yeye mwenyewe anaye mmoja.

Ussi alikunja uso. "Nani kakwambia mwanangu bubu?"

"Sikusema bubu, ndugu yangu. Nimesikia kwamba hasikii."

"Anachelewa tu. Kaka yangu mimi alisema akiwa na miaka sita."

"Huyu ana mingapi?"

"Kumi na moja." Ussi alisimama. "Umekunywa maji, basi. Bubu wako kaa naye kwako, usije kunitangazia wangu vijijini."

Hilal alipokuwa akitoka, mtoto yule alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko. Walitazamana. Hilal alijikuta ananyanyua mkono kutaka kumwambia kitu, akagundua kwamba hajui kusema hata salamu.

Siku ya nne alihesabu vidoleni. Watoto watatu, ukimhesabu Tasnim na ukimhesabu yule aliyekataliwa. Watu wazima wawili. Kisiwa kizima, toka kaskazini alikozaliwa mpaka kusini, na watu wote wale waliokuwa wakijuana kwa majina ya babu zao, hakikutosha kumpatia mwanawe darasa.

Aliporudi nyumbani hakueleza alikokwenda. Alivua viatu mlangoni.

"Meli ya Jumamosi," akamwambia Zubeda. "Mtakwenda na hiyo. Funga na mikeka uliyo nayo, usiwauzie hawa wachuuzi. Kule mtu hupata bei."

Zubeda alimwuliza, "Na wewe?"

"Nani ataangua nazi? Nani atamwangalia mama?"

*

Gatini Kilindoni kulikuwa na msongamano wa abiria na mizigo. Zubeda alikuwa ameshashika nafasi melini, mikeka sita imefungwa kamba, begi moja, na madafu ambayo Bimkubwa ndiye aliyelazimisha yaende. Chini ya ngazi, Hilal alichuchumaa mbele ya binti yake kumuaga.

Alinyoosha kidole kwake yeye Tasnim, kwa mama yake, kwenye meli, na mbali upande wa bara. Tasnim akaitikia kwa furaha. Kisha Hilal akajigusa kifua, akaonyesha chini, hapa. Mimi, hapa. Tasnim akaitikia tena, akamshika mkono, akaanza kumvuta kuelekea ngazini.

"Hapana." Alitikisa kichwa. Akajigusa kifua, akaonyesha chini, akatikisa kichwa, akaonyesha meli. Mtoto alikunja uso. Alifikiri kidogo, akapanda ngazi mbio, baba yake akimfuata, mpaka kwenye benchi la mama yake, akasogeza madafu, akapigapiga pale mahali palipobaki wazi: hapa, kaa hapa.

"Mzee, unapanda hupandi?" aliuliza mkata tiketi.

"Sipandi."

"Basi shuka, tunatoa ngazi."

Atamwambiaje mtoto "miezi mitatu"? Atamwambiaje "nakuja baadaye", "sikutupi"? Alishuka. Alisimama kwenye zege, na ngazi ilipotolewa akaona uso wa Tasnim unavyobadilika. Mtoto alipiga kelele kwa ile sauti yake nzito isiyo na maneno, mkono wenye hogo ukigonga ukingo wa chuma, na abiria wote wakageuka kutazama, wengine kwa huruma, wengine kwa kukereka. Zubeda alimshika kiunoni kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa anamwacha, na hakuna aliyeweza kumwambia vinginevyo.

*

Mwezi wa nne sasa tangu waondoke. Hilal alikuwa anakula mapishi ya mama yake, ambaye macho hayaoni vizuri, na mara mbili wali ulikuwa na mchanga. Nazi zilikuwa zikilala chini siku nyingi kwa kukosa mkono wa kuzikusanya. Bei ya nazi ilishuka, kisha ikashuka tena, na mchuuzi aliyekuja na gari kutoka Kilindoni alizihesabu huku akimweleza jinsi zinavyouzwa ghali Dar, bila aibu yoyote.

Zubeda alikuwa akipiga simu. Chumba kilitazamana na choo. Maji wananunua kwa ndoo. Siku moja aliibiwa kanga kambani. Lakini mkeka ambao Kirongwe huuzwa elfu kumi na tano, mama mmoja wa pale mtaani aliununua kwa arobaini na kuleta wenzake wawili, na sasa ukili umemwisha, atumiwe mwingine. Aliyasema hayo ya mkeka kwa sauti ya mtu anayeficha furaha, na Hilal alichukia kwamba anaificha.

Ijumaa moja baada ya sala alisimama kando ya barabara, mahali ambapo mtandao hushika, akapiga simu ya picha. Uso wa Tasnim ukajaa kwenye kioo. Mkono ulikuwa umepona. Alimtazama baba yake, kisha akaanza kutembeza mikono upesi upesi, uso wote ukishiriki, nyusi zikipanda.

"Anasema nini?"

"Ngoja arudie," ilisema sauti ya Zubeda. "Na mimi bado najifunza, ananikimbiza." Mikono ya mtoto ikatembea tena. "Anauliza jina lako."

"Jina langu?"

"Wamefundishwa kwamba kila mtu ana jina. Lake amelijua. Langu nimempa jana. Sasa anataka lako."

"Yaani hakuwa analijua?"

"Angelijulia wapi, Baba Tasnim?"

Miaka yote hiyo Tasnim alikuwa akimwita kwa kujishika kidevu, na Hilal alikuwa akiitika. Hakuwahi kujiuliza mtoto anamjua kuwa nani. Alidhani anajua kama wengine wajuavyo: Hilal bin Haitham, mwenye shamba, wa nyumba ya mawe. Kumbe kwa miaka minane alikuwa ndevu tu, ndevu zinazoleta chakula, na siku moja zikabaki gatini.

"Mwambie, basi," alisema.

"Mwambie mwenyewe. Tazama mkono wangu, ufuatishe. Herufi tano."

Aliiegemeza simu kwenye nguzo ya uzio. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimekakamaa kwa miaka ya kufua nazi. Herufi ya kwanza, vidole viwili vimelazwa ubavu. Ya pili, kidole kidogo peke yake juu. Ya tatu, shahada na gumba. Tasnim alitikisa kichwa, akacheka, akamwonyesha aigeuze. Waliotoka msikitini walipunguza mwendo kumtazama mtu mzima anayeichezea hewa vidole. Mmoja alimwamkia. Hilal hakuitika. Ya nne, ngumi.

Picha ya Tasnim ikaganda, mdomo wazi, mkono juu. Halafu kioo kikawa cheusi.

"Haloo? Zubeda? Haloo!" Aliinyakua simu, akainyanyua juu, akavuka barabara, akarudi. Alipiga, ikakataa. Akapiga tena. Aliitukana simu, akautukana mtandao, akaitukana bahari yote iliyokuwa katikati yao, kwa sauti, mbele ya watu wa msikiti. Kwa nini lazima iwe huko? Kwa nini mtu akate nyumba yake vipande viwili ndipo mwanawe ajue anaitwa nani?

Herufi ya tano alikuwa anaijua, ni ile ile ya tatu. Alisimama pale juani, shahada na gumba vimenyooka, na kisiwani kote hapakuwa na mtu wa kuisoma.